Asidi ya Protoni Nyingi: Piga Hesabu ya pH kwa Njia Fupi

Swali limekaa hivi: tafuta pH ya asidi ya fosforiki, H₃PO₄, yenye ukolezi wa 0.10 M. Chini yake umepewa Ka tatu. Wengi wakiziona Ka tatu wanaanza kuandika milinganyo mitatu na kujaza ukurasa mzima. Wewe usihangaike. Mbili kati ya hizo zimewekwa kwa ajili ya kipengele (b) na (c), au kukupima tu kama unajua kuchagua.

Asidi ya namna hii hutoa protoni zake kwa zamu. Inatoka moja, kisha nyingine, na kila zamu ina Ka yake. Nadharia utakayoihitaji leo ndiyo hiyo. Kazi yako ni kuamua ni zamu ipi inayoleta H⁺ za kutosha kugusa pH. Mara nyingi ni ya kwanza peke yake.

Zitazame Ka kabla ya kushika kikokotoo

Gawanya Ka₁ kwa Ka₂. Kwa fosforiki, Ka₁ ni 7.5 × 10⁻³ na Ka₂ ni 6.2 × 10⁻⁸. Ukigawanya unapata kama 120,000. Jibu likizidi 1,000, weka Ka₂ na Ka₃ pembeni. Kwa suala la pH, hiyo ni asidi ya protoni moja, basi.

Ukiulizwa kwa nini, jibu lina mistari miwili. Ioni ya H₂PO₄⁻ tayari ina chaji hasi, kwa hiyo inaing'ang'ania protoni inayofuata. Tena mmumunyo umeshapata H⁺ nyingi kutoka zamu ya kwanza, nazo zinaisukuma zamu ya pili irudi nyuma.

Usikariri Ka za vitabu vitatu tofauti. Vitabu hutofautiana kidogo: kimoja kitaandika 7.5 × 10⁻³, kingine 7.1 × 10⁻³. Tumia zilizo kwenye karatasi yako ya maswali, hata kama unakumbuka nyingine.

Zamu ya kwanza: kipeuo au kwadratiki?

Andika mstari mmoja. Asidi inaanza na 0.10, inapoteza x, inabaki 0.10 − x. H⁺ ni x, na H₂PO₄⁻ ni x. Kwa hiyo:

x² ÷ (0.10 − x) = 7.5 × 10⁻³

Hapa ndipo penye kishawishi. Unataka kuifuta ile x ya chini, ubaki na x² = 0.10 × Ka₁, upige kipeuo cha pili umalize. Ruhusa ya kufanya hivyo ipo, ila si kila siku. Kipimo chake ni hiki: gawanya ukolezi kwa Ka₁. Ikizidi 400, futa x bila wasiwasi, kwa sababu kosa lako litakuwa ndani ya asilimia 5 inayokubalika. Ikiwa chini ya hapo, nenda kwenye kwadratiki.

Kwetu, 0.10 ÷ 0.0075 ni 13 tu. Mbali kabisa na 400. Ukilazimisha kipeuo utapata x = 0.0274 na pH 1.56. Ukifuata kwadratiki, x² + 0.0075x − 0.00075 = 0, unapata x = 0.0239 na pH 1.62. Tofauti ya 0.06 inaonekana ndogo, lakini mwenye kusahihisha ataiona mara moja, maana anajua 1.56 inatoka wapi.

Kama una Casio fx-991ES PLUS, bonyeza MODE, kisha 5, kisha 3, uingize a, b na c. Kikokotoo kitakupa majibu mawili. La hasi litupe, kwa kuwa hakuna ukolezi hasi. Ukitumia kikokotoo cha kawaida, andika kanuni ya kwadratiki kwa mkono na uhifadhi kipeuo kwenye M+ ili usikikadirie mapema.

Jambo dogo linalowaangusha wengi: 7.5 × 10⁻³ huingizwa kwa 7.5, kitufe cha EXP (au ×10ˣ), kisha −3. Ile 10 imo ndani ya kitufe. Ukiandika 10 tena, Ka yako itakuwa kubwa mara kumi na hutajua kosa limetoka wapi.

Na pH uiandike kwa desimali mbili. Ka zenyewe zina tarakimu mbili za maana, kwa hiyo kuandika 1.6218 ni kujidai usahihi ambao huna.

Kipengele (b): ukolezi wa ioni ya pili

Sasa wanakuuliza ukolezi wa HPO₄²⁻. Hii ni zawadi. Jibu ni Ka₂ yenyewe: 6.2 × 10⁻⁸ M. Huna cha kukokotoa.

Ukitaka kuonyesha njia, andika Ka₂ = [H⁺][HPO₄²⁻] ÷ [H₂PO₄⁻]. Baada ya zamu ya kwanza, H⁺ na H₂PO₄⁻ ziko sawa, zote 0.0239. Zinakatana. Inabaki Ka₂ = [HPO₄²⁻]. Uzuri wake ni kwamba hata ukolezi wa asidi ukibadilika kutoka 0.10 M kwenda 0.50 M, jibu ni lile lile.

Kwa PO₄³⁻, mtindo huo hauendelei. Hapa lazima uweke namba: Ka₃ ni 4.8 × 10⁻¹³, kwa hiyo [PO₄³⁻] = 4.8 × 10⁻¹³ × 6.2 × 10⁻⁸ ÷ 0.0239, sawa na 1.2 × 10⁻¹⁸ M. Wapo wanaoandika kwamba PO₄³⁻ ni sawa na Ka₃. Hapana. Mkato huo ni wa ioni ya zamu ya pili tu.

Salfuriki haifuati utaratibu huu

Asidi ya salfuriki, H₂SO₄, ndiyo inayotegewa wanafunzi kila mwaka. Zamu yake ya kwanza haina Ka ya kukokotolea: protoni ya kwanza inatoka yote. Ya pili ina Ka₂ ya 1.2 × 10⁻², ambayo ni kubwa. Huwezi kuipuuza, na huwezi kudhani kwamba nayo inatoka yote.

Chukua 0.10 M. Anayepuuza zamu ya pili anasema pH ni 1.00. Anayezidisha ukolezi kwa mbili anasema 0.70. Wote wamekosa.

Fanya hivi. Baada ya zamu ya kwanza una H⁺ 0.10 na HSO₄⁻ 0.10. Zamu ya pili inaongeza y:

(0.10 + y) × y ÷ (0.10 − y) = 0.012

Fungua mabano: y² + 0.112y − 0.0012 = 0. Unapata y = 0.0098. Jumla ya H⁺ ni 0.1098, na pH ni 0.96.

Kumbuka kujumlisha. Kuna wanaofika kwenye y, wakafurahi, wakapiga logi ya 0.0098 na kuandika pH 2.01. Hiyo y ni nyongeza tu juu ya 0.10 uliyokuwa nayo.

Sasa punguza ukolezi uone kinachotokea, maana hapa ndipo maswali ya kuchagua hutungwa. Kwa 0.010 M, mlinganyo ni y² + 0.022y − 0.00012 = 0, y ni 0.0045, na pH ni 1.84. Kwa 0.0010 M, y ni 0.00087 na pH ni 2.73. Tazama mwenendo wake. Kwenye 0.10 M, ni kama asilimia 10 tu ya HSO₄⁻ iliyoachia protoni. Kwenye 0.010 M, asilimia 45. Kwenye 0.0010 M, asilimia 87. Asidi ikizidi kuongezwa maji, zamu ya pili inazidi kukamilika. Kwa hiyo yule wa kuzidisha kwa mbili anaikaribia kweli pale tu mmumunyo unapokuwa mwepesi sana. Kwenye 0.0010 M angepata 2.70, na hapo tofauti imebaki ndogo.

Upande wa pili pana mpaka pia. Maji makali ya betri ya gari ni salfuriki ya kati ya 4 na 5 M. Usiyapigie hesabu hii. Kwenye ukolezi mkubwa hivyo ioni zinabanana na kusumbuana, na ukolezi ulioandika hauelezi tena tabia ya H⁺. Na ukiwa unachanganya kwa mikono, mimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Ka zikikaribiana: mfano wa limau

Asidi ya sitriki ina Ka₁ 7.4 × 10⁻⁴, Ka₂ 1.7 × 10⁻⁵ na Ka₃ 4.0 × 10⁻⁷. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 44 tu. Haikufika 1,000. Je, sasa ndiyo tuandike milinganyo mitatu?

Jaribu kwanza. Chukua 0.25 M, ambayo ni kama gramu 48 kwa lita, kiwango kinacholingana na maji ya limau. Ukolezi kwa Ka₁ ni 338, chini kidogo ya 400, kwa hiyo kwadratiki. x ni 0.0132 na pH ni 1.88. Sasa kagua zamu ya pili: ingeongeza kama 0.000017. Ukiilinganisha na 0.0132, ni sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Achana nayo.

Hata ukishuka hadi 0.0010 M, zamu ya kwanza inakupa 5.7 × 10⁻⁴, na ya pili inaongeza 1.6 × 10⁻⁵, karibu asilimia 3. pH inasogea kutoka 3.25 hadi kama 3.24. Kwa mtihani, zamu ya kwanza inatosha. Kwa hiyo ile 1,000 ni ya kukupa usalama tu. Ukiwa chini yake, kagua, usiogope.

Ukipima limau halisi kwa karatasi au mita utaona pH iko juu kidogo ya 1.88, kwenye 2 na ushei. Hujakosea hesabu. Ndani ya tunda kuna potasiamu, na sehemu ya asidi hiyo iko katika umbo la chumvi yake.

Kaboniki: chupa imefungwa au iko wazi?

Hili swali jiulize kila ukiona H₂CO₃. Ka₁ ni 4.3 × 10⁻⁷, Ka₂ ni 4.7 × 10⁻¹¹. Pengo ni zaidi ya 9,000, kwa hiyo Ka₂ kaa kando.

Maji yaliyoshiba CO₂ kwa shinikizo la angahewa moja kwenye nyuzi 25 yana kama 0.034 M. Ukolezi kwa Ka₁ unapita 400 kwa mbali sana. Piga kipeuo: √(4.3 × 10⁻⁷ × 0.034) = 1.2 × 10⁻⁴, pH 3.92. Ishike namba hii, tutairudia kwenye titresheni.

Mvua nayo je? Hewa ya sasa ina CO₂ ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Kiasi kinachoyeyuka kwenye tone ni kama 1.4 × 10⁻⁵ M. Ukigawanya kwa Ka₁ unapata 33, na kipimo chetu kinasema kwadratiki. Hapa usikifuate. Tone liko wazi, na kila H₂CO₃ inayovunjika, hewa inaleta nyingine. Kwa hiyo hakuna x ya kutoa chini. Kipeuo kinakuwa sahihi kabisa: 2.5 × 10⁻⁶, pH 5.6. Ndiyo pH ya mvua safi isiyo na moshi wa viwanda, na ndiyo maana maji safi ya maabara yakiachwa bila kifuniko hayakai kwenye 7.

Chumvi zake: mikato mitatu ya kuokoa dakika

Swali likikupa NaHCO₃ au NaH₂PO₄, ioni inaweza kutoa protoni na inaweza kupokea. Usiandike jedwali. Chukua pKa mbili (pKa ni −log ya Ka) zinazoizunguka, jumlisha, gawa kwa mbili.

NaHCO₃: (6.37 + 10.33) ÷ 2 = 8.35. NaH₂PO₄: (2.12 + 7.21) ÷ 2 = 4.67. Na₂HPO₄: (7.21 + 12.32) ÷ 2 = 9.77. Ukolezi hauingii kabisa, alimradi mmumunyo usiwe mwepesi kupita kiasi. Pa kuangalia ni mahali pamoja tu: chagua pKa za kulia na kushoto kwa ioni hiyo. Kwa HPO₄²⁻ ni ya pili na ya tatu, si ya kwanza na ya pili.

Swali likikupa Na₂CO₃, hapo hakuna protoni iliyobaki. Ni besi. Kb yake ni 10⁻¹⁴ ÷ Ka₂, si Ka₁. Ioni ya CO₃²⁻ inapokea protoni na kuwa HCO₃⁻, na hatua hiyo ndiyo Ka₂ kwa kurudi nyuma. Kb inatoka 2.1 × 10⁻⁴. Kwa 0.10 M, kwadratiki inakupa OH⁻ ya 0.0045, pOH 2.35, pH 11.65. Aliyetumia Ka₁ ataishia kwenye 9.68, na namba hiyo inaonekana nzuri kiasi cha kumdanganya.

Sasa titresheni. Unaweka Na₂CO₃ kwenye chupa na kudondosha HCl kutoka kwenye bureti. Kituo cha kwanza ni pale CO₃²⁻ yote imekuwa HCO₃⁻: pH 8.35. Fenolfthaleini hupoteza uwaridi wake karibu na 8.3, kwa hiyo hiyo ndiyo kiashiria cha kituo cha kwanza. Kituo cha pili ni pale yote imekuwa H₂CO₃. Rudi kwenye ile 3.92 ya maji yaliyoshiba CO₂. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Imeangukia katikati. Ukiulizwa kwa nini vinatumika viashiria viwili, andika namba hizo mbili, umemaliza.

Mkato wa tatu ni wa mchanganyiko. Ukiwa na asidi na ioni yake kwa mole sawa, pH ni pKa ya hatua hiyo. Chukua magadi, yale ya kulainishia maharage na makande. Magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Soma fomula: CO₃²⁻ moja kwa HCO₃⁻ moja. Yakiyeyuka kwenye maji, pH ni pKa₂ ya kaboniki, 10.33, bila hesabu yoyote. Ya sokoni yana chumvi nyingine na udongo, kwa hiyo ukichovya karatasi ya pH tarajia karibu na 10.

Mole zisipokuwa sawa, ongeza logi ya uwiano. Mfano unaokutana nao sana maabara ya baiolojia ni bafa ya fosfeti yenye pH 7.4. pKa iliyo karibu ni 7.21, ya pili. Tofauti ni 0.19, na 10 kwa kipeo cha 0.19 ni 1.55. Kwa hiyo unahitaji HPO₄²⁻ 1.55 kwa kila H₂PO₄⁻ 1. Ukitaka lita moja yenye fosfeti 0.10 M, gawa 0.10 kwa 2.55: Na₂HPO₄ mole 0.061 na NaH₂PO₄ mole 0.039.

Yeyusha zote mbili kwenye maji ya mililita 800 hivi kabla ya kutumbukiza mita. Itasoma chini ya 7.4, kwa sababu chumvi nyingi kwenye maji huishusha pKa hii kutoka 7.21. Sogeza kwa matone ya NaOH huku ukikoroga, subiri namba itulie, ndipo ujaze maji hadi alama ya lita.